Kidole cha Mwisho

Binti yangu Ibtihaj ndiye aliyenisajili.
Yeye hospitali ya Ibra anakanda migongo ya watu,
wangu ukamshinda. Akasema, "Baba, nenda yoga."
Nikamwambia, mwanangu, mimi na yoga wapi na wapi?
Nina kilo mia na kumi na nane.
Barzani wananiita Tangi, na si kwa sababu ya lori peke yake.

Yoga niliijua. Niliiona kwenye kalenda ya duka la dawa:
msichana mwembamba kama ufito, mguu kauweka kisogoni,
anatabasamu, utadhani hana deni duniani.

Nikaenda kwa siri. Jumanne, baada ya Isha.
Lori nililiegesha mbali, nyuma ya soko,
lakini lori la maji, tena la buluu, lafichika wapi?
Asubuhi kahawa haijapoa, Sleyum keshajua.
"Tangi, tumesikia siku hizi unajikunja."
"Mambo ya wanawake hayo."
"Ya Wahindi."
"Na sala yako je, haitaingia doa?"
Mwingine, tende mkononi, akauliza: nikikwama
waite zimamoto au wakwe zangu?

Sikuwajibu. Ningejibu nini?
Kwamba mwalimu ni Darwishi, msoma mita wa zamani,
aliyeuacha mguu wa kulia kwenye barabara ya Sinaw?
Hufika, huuvua ule wa bandia, huuegemeza ukutani
kama mtu anayeweka bakora yake,
kisha hukaa chini: "Haya. Tupumue."
Kwamba kulia kwangu yupo mzee Muhanna, miaka sabini na sita,
afanyaye yote juu ya kiti cha plastiki,
na kushoto Rafiqul, mpishi wa Kibengali,
ambaye kila Jumanne husinzia katikati ya somo
na hakuna anayemwamsha?

Siku ya kwanza niliambiwa niguse vidole vya miguu.
Vidole vyangu! Hatujaonana tangu harusi ya Ibtihaj.
Nikainama. Tumbo likatangulia, likafika, mimi nikabaki.
"Gusa goti," akasema Darwishi. "Goti nalo ni lako."

Na kuhusu sala: ninayemsujudia namjua.
Pale nilichokitazama ni dari,
na alama ya unyevu wa kiyoyozi, yenye umbo la mbuzi.
Pumzi niliielewa kwa lugha ya kazi yangu.
Tangi limejaa, ukifungua bomba la chini
na kifuniko cha juu umekiacha kimekazwa,
maji hutoka kidogo, hukwama, hukoroma,
na chuma, chuma kizima kile, hubonyea kwa ndani.
Miaka ishirini na tisa nawaambia vijana: fungua juu kwanza.
Kumbe mwenyewe natembea na kifuniko kimekazwa.

Sitasema mgongo umepona. Bado unanena,
hasa lori likikanyaga mawe ya wadi.
Kilo zimepungua mbili,
na hizo mbili Ibtihaj anadai ni ubovu wa mizani.
Mguu kisogoni hautafika. Sina haja nao huko.

Ila jana alfajiri, msikitini, kwenye mabomba,
mahali ambapo kwa miaka miwili
nimekuwa nikiumwagia mguu maji kwa mbali
kama mtu anayemwagilia mche wa jirani,
niliuinua. Nikaupakata juu ya goti la pili.
Ulikuwa mzito, baridi, una sugu nisizozijua.
Nikapitisha kidole cha mkono kati ya vidole vyake,
baina ya kwanza na cha pili,
baina ya pili na cha tatu, polepole,
kama mtu anayehesabu watoto waliorudi nyumbani.

Sleyum, pembeni yangu, ameacha kunawa.
Ananikodolea macho, bomba lake linamwaga tu.
"Funga," nikamwambia. "Maji hayo nimeyaleta mimi."

Kidole cha mwisho bado sijakifikia.