Mistari ya Zambarau

Chaki naijua. Miaka thelathini na moja
nimewachorea watu viuno kwa chaki,
wa harusi, wa ubatizo, mmoja wa kuzikwa,
nikiwaambia simama wima, usicheke,
hapa tutapunguza.
Kwa hiyo daktari Arbeláez alipopiga magoti mbele yangu
na kalamu yake ya wino wa zambarau,
akanichora nyonga hadi nyonga
upinde mmoja, chini kabisa, kama pindo la sketi,
nilitaka kumwambia: kushoto umepanda kidogo.
Sikusema. Fundi hamsahihishi fundi
akiwa uchi.

Cali, saa kumi na mbili asubuhi.
Ghorofa ya tano, sakafu inanukia limau,
milima bado haijavua mawingu.
Dada yangu Nubia yuko chini mapokezi na mkoba wangu,
na ndani ya mkoba, bahasha tupu:
mashela arobaini niliyoshona usiku
yamekwishalipwa kaunta.

Nyama uzembe, watu huiita.
Uzembe wa nani? Imebeba watoto watatu
na wa nne ambaye hakukaa.

Fomu iliuliza: Una presha?
Nikaandika hapana, kwa mwandiko wangu mzuri.
Vidonge vimo kwenye kopo la vifungo,
vyeupe, vidogo; ukiwa na haraka
utavishona kwenye shati la mtoto.
Wiki tatu sikuvigusa. Nilijiona mzima.
Mama naye alijiona mzima,
mpaka Alhamisi ile pasi ilipomponyoka
na nusu ya mdomo wake ikasahau jina langu.

Muuguzi akanifunga mkono.
Mpira ukavimba, ukabana, ukashusha pumzi.
Mia na tisini na nne, juu ya mia na kumi na mbili.
Akafunga mkono wa pili.
Namba hazikuona haya.

Daktari wa nusukaputi alikuwa mwanamke mfupi, Quiñones,
ameshika kikombe cha kahawa asichokinywa.
Akavuta kiti. Hakunikaripia.
"Bi Yolima, unameza dawa gani?"
"Sina dawa."
Akanyamaza, akaiachia mashine iseme,
ti, ti, ti, ti,
kama cherehani inayokimbia bila kitambaa.
"Uliacha lini?"

Nikamwambia. Kopo, vifungo, pasi, yote.
Akasema: "Kukulaza naweza. Kulaza ni rahisi.
Kukuamsha ukiwa na majina yote ya watoto wako,
hiyo ndiyo kazi ninayolipwa."
Arbeláez akavua glavu, kidole kimoja kimoja,
akaitazama saa ya ukutani, siyo mimi.
"Wiki sita. Dawa kila siku. Chumvi, hapana."

Nikavaa gauni juu ya mistari.
Ndani ya basi Nubia hakunena, vituo vinne,
kisha akasema, "Mjinga wewe,"
akaupakata mkoba wangu kwa mikono miwili
kana kwamba ndimi niliyekuwemo.

Wino haukutoka kwa sabuni,
haukutoka kwa spiriti.
Siku tano nilipimia wateja viuno vyao
huku chini ya aproni nimechorwa mimi.
Usiku wa tatu nikachukua futi, nikasimama kiooni:
kweli, kushoto kumepanda,
nusu kidole.

Gauni la bluu, la harusi ya mpwa wangu,
nililikata kwa tumbo ambalo ningekuwa nalo.
Nikalifumua ubavuni.
Kumbe kulikuwa na akiba, vidole viwili vya kitambaa
nilivyoviacha ndani ya mshono, sikumbuki kwa nini.

Kidonge nameza kabla ya kahawa.
Supu ya Nubia haina ladha, na naimaliza.
Sijasema sirudi.
Kwenye kalenda, wiki ya sita
nimeizungushia duara kwa chaki.