Mkono wa Mtu Mwingine

Wakili Chelagat aliniambia, sheria hupima.
Nikamjibu, hata mimi.
Miaka kumi na tisa nimepima watu pale Mukuru,
kifua, bega, kiuno, urefu wa mkono,
namba nikiziandika nyuma ya pakiti za majani chai.

Siku ile nilibeba jora la kitambaa cha sare, kijani.
Lori lilibeba nondo.
Lilishuka Lunga Lunga bila breki,
au na breki zilizochoka kuombwa,
likasimama ghafla ukutani
na nondo zikamtangulia dereva.
Sitaeleza zaidi. Imo kwenye faili, ukurasa wa nne.

Siku ya tatu wodini
akaja mtu wa kampuni na machungwa na karatasi.
Elfu themanini, mama, tumalizane kiungwana.
Weka kidole gumba hapa.
Nikamwonyesha bendeji. Kipi?
Akasogeza wino upande wa kushoto.
Muuguzi Nafula, aliyekuwa akibadilisha dripu,
hakuinua kichwa:
Saa ya kuona wagonjwa imekwisha.
Na ndiyo kwanza ilikuwa imeanza.

Ofisi ya wakili iko juu ya duka la mbegu,
ngazi tisini na mbili, nimezihesabu.
Hakuniahidi nyumba wala shamba.
Alisema, leta risiti.
Kisha akafungua majalada ya kesi za kale
akautafuta mkono wangu
katika mikono ya watu.
Huu wa Molo, alisema, wa kuume, vidole vitatu.
Hapana, mdogo.
Huu wa Voi, wa mwashi, umekatwa kifundoni.
Huu unakukaa.
Ndivyo nami hukata gauni la bibi harusi
kwa karatasi ya gauni la bibi harusi mwingine,
naongeza inchi, napunguza inchi,
bei ya uzi imepanda tangu wakati ule.
Nilitaka kumuuliza jina la yule mwashi.
Nilitaka kujua kama alijifunza kufunga vifungo.

Kampuni ikasema lori si lao.
Lilikuwa lao hadi Ijumaa;
ajali ilikuwa Jumamosi.
Chelagat akaenda akarudi na nakala ya umiliki:
lao Ijumaa, lao Jumamosi,
lao hata leo asubuhi.
Wakasema basi, nilitembea vibaya,
asilimia ishirini ya kosa ni yangu.
Nikawaza, niwamegee kidole kipi?

Dereva nilimkuta Milimani, kwenye benchi la korido.
Sirengo. Mtu mfupi.
Nilikuwa nimemjenga mrefu kichwani.
Mfukoni ana nakala za barua mbili kwa bosi wake
kuhusu breki, zenye tarehe.
Niliandika, akasema.
Hakusema pole.
Tukakaa. Karani akaita majina, si yetu.
Halafu akasema pole, akiitazama sakafu,
nami niliitazama kola ya shati lake,
imeshonwa ndivyo sivyo,
na mkono wangu wa kuume, ambao haupo,
ukatamani kuifumua.

Kesi imesogezwa hadi Oktoba. Hakimu yuko likizo.

Mkasi hutengenezwa kwa mtu wa kuume.
Nilishika mkasi miaka kumi na tisa bila kulijua hilo.
Ukiushika kwa kushoto hautafuni kitambaa,
unakikunja tu, kama mbogo asiye na meno.
Nimepata wa kushoto Mtaa wa Biashara,
elfu tatu mia mbili, mwenye duka hakupunguza,
nikapanda ngazi zile na risiti.
Chelagat akavaa miwani.
Huu ni mkasi?
Ni mkasi.
Akauandika kwenye orodha ya madai
chini ya bendeji, juu ya nauli,
na wino ulipokauka
nikamwomba anisomee tena.