Udhu wa Mkunazi

Saa tisa na nusu usiku, bustani ya Ibra.
Shofiqul amelala kifudifudi juu ya nyasi,
sikio ardhini, mkono mmoja hewani
kunizuia nisipumue kwa nguvu.
"Hapa, madamu. Hapa analia."
Kiarabu chake hakitenganishi kitu na mtu;
bomba lililopasuka kwake ni "yeye".
Tunachimba. Kweli: ufa mwembamba kama ukucha wa mtoto,
na maji yakitoka kwa adabu, bila kelele,
tangu Mungu ajuapo lini.

Kwao Barisal, aniambia, mto ulimeza shule,
ukarudi mwakani kumeza njia ya kwendea shule.
Alikuja huku kuyakimbia maji.
Sasa ayasikiliza kama mkunga asikilizavyo tumbo.

Mimi kazi yangu ni kuandika.
Mita ya lango la kaskazini, mita ya kwenye bembea,
mita ya chemchemi ya marumaru isiyotazamwa na mtu
ila njiwa wawili, tena kwa zamu.
Mwezi wa saba, jua likipasua plastiki ya viti,
tulizimwagia nyasi malori kwa malori,
nazo, shukrani yao, zikageuka rangi ya sufi kuukuu.
Nikaandika barua: ning'oe nusu.
Pa kandanda pabaki.
Kwingine paote wanaojua kuishi hapa,
mghafu na mkunazi.

Mama alisusa.
Yeye mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja,
ambako mvua haibishi hodi;
kwake bustani isiyo na nyasi ni zizi la ngamia.
"Nimekusomesha," akasema, "uje utunyoe?"
Majirani wakapeleka malalamiko, saini mia mbili na kumi na moja.
Nilizihesabu. Ya tatu ilikuwa yake,
mwandiko ule ule wa orodha ya sokoni.

Nikafyeka vivyo hivyo.

Ila miche nayo inataka kunywa, walau utotoni,
na fungu la maji limekwisha katwa
kwa barua yangu mwenyewe.
Siku moja nimekaa chini ya ukuta wa msikiti
nikijitoa mwiba kisiginoni,
nikasikia, upande wa pili, watu wakitawadha.
Mabomba kumi na manne.
Sauti hiyo nimeisikia mara tano kwa siku
maisha yangu yote, na sijapata kuiandika.
Yanakwenda wapi?
Mtaroni.

Sheikh Muhanna alifungua vitabu viwili, akafunga kimoja.
"Maji yaliyokwisha tumika," alisema,
"ni safi, ila hayatwaharishi tena."
Sheikh, mti hautaki kuswali. Unataka kunywa tu.
Alicheka mpaka kilemba kikalegea,
kisha akakikaza, akanitazama:
asije mtu akaacha bomba wazi
akajisingizia kwamba analisha miti.
Hilo sikuwa nimeliwaza.
Tukabadilisha na koki zote.

Shofiqul akachimba mfereji kwa kipimo cha falaji,
mteremko ambao jicho haliuoni,
maji ndiyo yanaoujua.

Mwaka wa nne sasa.
Mama ana benchi lake. Alinung'unika
mpaka likasogezwa kivulini.
Saini yake hajaifuta, nami sijamwomba.
Leo ameokota kunazi, akaipangusa kwa ncha ya mtandio,
akaitafuna polepole, upande wenye meno.
Kokwa likatua kiganjani.
"Hii," akauliza, "imekunywa udhu wa nani?"

Adhuhuri ilikuwa imekwisha adhiniwa.
Nyuma ya ukuta bomba la kwanza likafunguliwa,
likafungwa. La pili.
Nikatoa daftari, kwa mazoea tu,
nikaandika saa.