Karibu Bila Hodi

Saa nane usiku, Tartu, Februari.
Mto umeganda. Mashine inanguruma
kama paka aliyeshiba.
Nina mirija miwili tu kwenye barafu:
seli za mtu mzima wa afya, jina silijui,
na seli za Endel,
tarishi wa posta miaka thelathini na minane,
mwenye tezi shingoni kama yai la njiwa.

Kwenye utando wa kila seli vimesimama vipokezi,
mikono nje, mikia ndani.
Kazi yao kungoja hodi.
Kijidudu kikigusa, hukusanyika, hushikana,
mikia hupachikwa fosfati,
kimeng'enya humwamsha mwenzake,
kalsiamu hufurika,
na habari hufika kwenye kiini:
gawanyika, usife bado.
Kisha kimya. Mlango hurudishwa.

Za yule mzima zilifanya hivyo hasa.
Sekunde sitini mstari ulilala chali;
nikadondosha kichokozi,
ukapanda, ukachoka, ukashuka.

Nikaweka za Endel.
Sekunde ya kwanza, mstari uko juu tayari.
Nikatazama mkono wangu: pipeti tupu.
Kichupa cha kichokozi kina kizibo chake.
Hakuna aliyebisha,
na huko ndani wanaitikia, karibu, karibu, karibu,
wanatandika, wanaongeza viti,
nyumba inafurika wenyeji
wa mgeni ambaye hajazaliwa.

Jumanne nilimweleza, kwa maneno mepesi.
Alicheka mpaka akakohoa.
"Mtaa wa Kastani palikuwa na bibi
akifungua mlango kabla sijafika ngazini.
Kila siku. Hakuna aliyemwandikia.
Mwishowe nikawa nampelekea matangazo ya duka."
Akanyamaza, akajipapasa shingo.
"Leelo, kwani seli zangu zina upweke?"
Nikasema hapana, ni herufi moja
iliyokosewa kwenye jeni.
Nilisema haraka mno.

Usiku huu nimeongeza dawa,
ile inayomziba mdomo kimeng'enya wa katikati.
Mstari ukashuka.
Nikasimama, nikakaa tena, nikahesabu vizuri:
seli moja kati ya ishirini
haikusikia. Ingali juu,
imepata njia nyingine ya kuitikia.

Nimeandika namba. Nimezima taa.
Kesho ataniuliza, naye ni mtu
aliyeshika bahasha maisha yake yote:
anajua ya habari njema, anajua nyingine,
kwa uzito tu,
kabla haijafunguliwa.