Mabati ya Samweli

Kwenye orodha yao niliandikwa Samweli.
Samweli Nangolo, mwanamume, miaka arobaini na mitatu,
kaya ya watu watano.
Mimi ni Somoe. Watano ni kweli.
Karani aliita mara tatu pale uwanja wa shule,
Samweli, Samweli,
watu wakageuka kumtafuta mume ambaye sijapata kuwa naye.

Lukuledi ulikuja usiku, haukubisha hodi.
Nyumba niliyoikandika kwa mikono hii,
udongo wake ukakumbuka kwamba ni udongo.
Zikabaki fito zimesimama
kama mbavu za mbuzi siku ya pili ya sikukuu.
Tulilala darasa la nne, juu ya madawati,
Shaweji akisoma jedwali la kuzidisha ukutani
mpaka saba mara nane ikamshinda, akasinzia.
Kinu kiliokotwa siku ya tano,
kimekwama kwenye mkorosho wa Mzee Chitanda.
Ila debe la ufuta wa mbegu,
hilo mto ulikwenda kulipanda wenyewe, sijui wapi.

"Samweli ni mimi," nikasema.
Dada wa msaada, kizibao cha kijani, kishikwambi mkononi,
akanitazama, akatazama kioo, akanitazama tena.
"Mfumo haukubali kubadilisha, mama.
Weka dole gumba."
Dole gumba! Mimi niliyemaliza la saba Nyangao!
Nikaomba kalamu,
nikaandika Samweli kwa mwandiko wangu uleule,
herufi zimeinama kidogo, kama zinafagia.

Mabati kumi na manane.
Misumari kilo mbili. Jembe bila mpini.
Ufuta kilo nne,
na mitetea wawili waliofungwa miguu,
wakinikodolea macho kama wao ndio waliopoteza nyumba.
Kupokea nako ni kazi, asikudanganye mtu.
Unasimama juani, unapigwa picha,
unaambiwa tabasamu, unatabasamu,
kisha unajitwika kichwani kile ulichokuwa umeanza
kukidunduliza mwenyewe, bati moja kila msimu wa korosho.
Lakini nilijitwika. Shingo haikukataa.

Nyumba ilihitaji kumi na matano.
Matatu niliyalaza uvunguni, nikatandika mkeka juu yake.
Akiba, nikajiambia. Upepo una mambo.

Ng'ambo ya njia alikuwa Esha Likwata.
Siku ya kuandikisha alikuwa Newala akimuuguza dada yake,
orodha haikumjua hata kwa jina la mwanamume.
Turubai lake la buluu lilishonwa kwa katani sehemu nne.
Kila asubuhi tulisalimiana,
nami kila asubuhi niliinama kufagia kabla hajamaliza kuitikia.
Wahenga walisema kutoa ni moyo.
Hawakusema moyo wenyewe unaweza kuchukua siku tisa.

Machi mvua ikarudi.
Bondeni ufuta ulikuwa ushatoa maua,
mtetea mmoja ameanza kutaga nyuma ya kinu.
Wewe unayelala chini ya bati unaijua kelele yake,
mbaazi zinamwagwa kwenye sinia usiku kucha.
Wanangu walicheka gizani, wakapiga kelele nao
ili waone nani atashinda, wao au mvua.
Mimi nilikuwa nasikiliza ng'ambo ya njia,
na sikusikia kitu.
Turubai halipigi kelele ya namna ile.
Linajaa maji tumboni, linashuka taratibu
kumkaribia aliyelala.

Alfajiri nikauvuta mkeka.
Matatu hayaezeki nyumba.
Yanafunika kitanda, na jiko likibanwa ukutani.
Nikavuka njia nayo kichwani, maji yakinifika kwenye fundo za miguu,
nimeandaa maneno mazuri ambayo sikuyatumia.

Esha hakusema asante.
Aliyatazama mabati, akanitazama,
kope zake zimelowa mvua ama vinginevyo.
"Samweli," akasema, "umechelewa."

Nikamwambia, shika upande huo,
taratibu,
yana makali.