Nani Anakataliwa

Majaribio mia nne na kumi na mawili, yote kijani,
kijani kama nyanya mbichi ambazo mama yake huzitia siki kila Oktoba,
na Ruxandra hakuupenda ukijani ule.
Nje, theluji ilikuwa imelala juu ya mapaa ya Cluj.
Chai imepoa. Wenzake wameshafunga kompyuta zao.

Akasoma jaribio moja moja.
Daktari akibisha, anafunguliwa? Anafunguliwa.
Muuguzi je? Anafunguliwa.
Hakuna hata moja lililouliza
nani anakataliwa.

Basi akaandika lake, mistari sita:
mtu asiye na jina, asiye na nywila,
aende moja kwa moja kwenye faili la mgonjwa,
nami natarajia afukuzwe.

Hakufukuzwa.
Alikaribishwa ndani, akakabidhiwa vipimo vya figo
vya mzee Pompiliu, ambaye hata hayupo duniani,
mgonjwa wa kubuni tu, lakini
Ruxandra alimwonea haya kama aliyemkuta bila nguo.

Akachimbua usanidi. Ndipo alipoyakuta maneno ya Horea,
aliyehamia Timișoara miaka miwili iliyopita:
"Ulinzi nimeuzima, unanichelewesha. Kesho nitauwasha."

Kesho ya Horea!
Kumbe siku zote walijaribu nyumba isiyo na milango
wakajipongeza kwamba hakuna aliyekwama mlangoni.

Akaurudisha mstari mmoja, mfupi kuliko jina lake,
mlinzi asimame hata humu kwenye maigizo.
Majaribio tisini na matatu yakawa mekundu kwa mpigo.
Akacheka peke yake, kwa sauti.

Kazi ikawa ya kugawa sura.
Huyu umpe jina la daktari, la uongo, na cheo chake;
huyu muuguzi, zamu ya usiku, wodi ya pili tu, asivuke;
fomu hii isipokelewe bila muhuri wake wa siri;
na kila aliyeruhusiwa, umwandikie pacha aliyekatazwa.
Saa nne usiku yalibaki manane. Akayaacha mekundu.
Wekundu wa kweli unaweza kulala hadi asubuhi.

Chini, kwenye lango, bwana Viorel alinyoosha mkono:
"Kitambulisho."
Miaka minne anamjua, hadi jina la paka wake.
Kilibaki mezani, ghorofa ya tatu, na lifti imekufa.
"Viorel, ni mimi."
"Naona," akasema, mkono bado uko pale pale.

Akapanda ngazi.