Jani Juu ya Ndoo

Saa moja na robo usiku, Ubungo.
Jiji linawasha taa kama mtu anayejikuna bila kujua.
Ukutani tunaitazama namba moja tu, hamsini:
arobaini na tisa nukta nane,
hamsini nukta moja,
nukta nane tena.

Tumpe anasema, "Gridi inapumua."
Haipumui, namjibu, inayumba.
Mashine za maji kule bondeni
zinavutana na mashine za gesi za huku pwani,
waya mrefu katikati, kama kamba ya watoto wawili
ambao hakuna anayetaka kuachia.
Sekunde moja kwenda, sekunde moja kurudi,
na kila mvuto unauzidi wa kabla yake kwa unywele.
Unywele huo ndio unaozima miji.

Halfani, wiki ya pili kazini, ananyoosha kidole:
"Tukiongezee nguvu kirekebishi, kijibu kwa kasi!"
Nami nilikuwa hivyo.
Ajibuye kwa pupa hujibu jambo lililokwishapita;
mkono wake unamkuta mwenzake ameshaanza kurudi,
na badala ya kumzuia, unamsukuma.

Mama hakusoma milinganyo.
Aliteka maji bondeni Kimara, akapanda kilima na ndoo kichwani,
na juu ya maji, kipande cha jani la mgomba,
ukubwa wa kiganja.
La nini, nilimuuliza, na vumbi halizuii?
"Maji yana kichaa," alisema. "Ukishindana nayo, yanakulowesha.
Jani haliyakatazi.
Linayachosha tu."

Chuo kizima nilikitafuta kile alichosema,
nikakikuta ndani ya kisanduku cha kijivu ubavuni mwa jenereta:
kinausoma mzunguko, kinatangulia hatua,
kinalijibu wimbi si pale lilipo
bali pale linapoelekea.
Kidogo. Kidogo zaidi ya hapo.
Kipimo kikizidi, jani linageuka kasia.

Nampigia fundi wa zamu bondeni.
Shusha kizidishi, ile ishirini tuliyoipenda wiki jana,
iwe kumi na mbili.
Anazirudia namba. Anauliza, "Una hakika?"

Sina. Nina hesabu.

Arobaini na tisa nukta tisa.
Hamsini.
Hamsini nukta sifuri tatu.
Hamsini.
Mstari kwenye kioo unapoteza hamu.

Halfani anaandika kwenye daftari:
saa moja na dakika thelathini na moja, hakuna tukio.
Tumpe anamnyang'anya kalamu.
"Andika ukweli. Iliyumba, ikachoka."

Na Tandika, kinyozi ameshika kichwa kilichonyolewa nusu,
mashine inavuma sauti ile ile,
anauliza, "Pembeni nipunguze?"
Mteja amefumba macho.
"Punguza," anasema, "kidogo."